Umepigwa na Maandishi Mekundu ya Windows? Hivi Ndivyo Unaweza Kujisagia Programu Kutoka Chanzo Bila Kumaliza Bando

Tuseme uko Salama, Makueni, pale kando ya Mombasa Road ambapo malori yanapumzika kabla ya kuelekea Sultan Hamud. Laptopu yako ni ya mtumba, RAM 4GB, na simu ndiyo inaipa intaneti. Umejiandikisha kozi ya data ama umepata kazi kidogo ya mtandaoni, na umeambiwa uinstoli maktaba fulani ya Python. Umeandika pip install na jina lake, ukabonyeza Enter. Dakika tatu baadaye skrini imejaa maandishi mekundu, na huko chini kabisa kuna mstari huu:

error: Microsoft Visual C++ 14.0 or greater is required

Wasee wengi wanafunga laptopu hapa. Wengine wanaenda Google, wanabonyeza kiungo cha kwanza, na kufika jioni bando ya wiki nzima imeisha kwa kudaunlodi magigabaiti ya vitu ambavyo hata hawajui kazi yake. Halafu kuna kundi la tatu, na hawa ndio wananipa stress: wanaingia kwa group ya Telegram kuomba faili "iliyotengenezwa tayari" na mtu wasiyemjua jina wala sura.

Mimi college niliiacha katikati, kwa hivyo sitajifanya mhadhiri. Lakini hii kitu inaeleweka, na ukiielewa mara moja haitakusumbua tena. Na si mambo ya Nairobi pekee. Ukitoka Salama na matatu ukielekea Nairobi, unafika Konza hata kabla ya kumaliza credo ya playlist. Konza ndiko Kibaki alianzisha rasmi ujenzi wa jiji la teknolojia Januari 2013, ekari 5,000 za shamba la Malili. Leo kuna kituo cha taifa cha data, na Open University of Kenya, iliyopewa hati yake Agosti 2023, makao yake ni huko huko. Poa sana. Ila kuwa jirani wa kituo cha data hakukupunguzii bei ya bando, na hiyo era nyekundu haijui unaishi wapi.

Unga wa paketi na posho mill

Programu yoyote huanza kama maandishi. Mtu anaandika msimbo, ama kodi kama wasee wanavyoita, na siyo ile ya KRA. Maandishi hayo ndiyo tunaita chanzo. Prosesa ya laptopu yako haiwezi kuyasoma vile yalivyo, kama vile wewe huwezi kutafuna mahindi makavu ukaita hiyo ni ugali. Lazima yasagwe. Mashine ya kusaga inaitwa kompaila, na kinachotoka upande ule mwingine ni faili ambayo mashine inaielewa, kama zile za .exe na .dll unazoziona kila siku.

Sasa una njia mbili za kula ugali. Unaweza kuingia dukani ununue paketi ya kilo 2: mtu mwingine ashasaga, ashapaki, wewe ni kupika tu. Ama unachukua mahindi yenu kutoka shamba la shosho, unayabeba mpaka posho mill, unasagiwa vile unataka. Programu ni hivyo hivyo. Kudaunlodi faili iliyo tayari ni unga wa paketi. Kujenga kutoka chanzo ni posho mill.

Ile era nyekundu maana yake ni hii: pip ilienda kutafuta paketi, haikupata inayofaa mashine yako, ikakuletea gunia la mahindi, halafu ikakuuliza posho mill iko wapi. Na Windows haiji na posho mill. Hiyo tu.

Kwanza angalia kama unahitaji kusaga

Hapa ndipo watu wengi huchoma bando bure. Kwa dunia ya Python, paketi iliyo tayari inaitwa wheel, na faili yake inaishia na .whl. Kila wheel ya maktaba iliyo na msimbo wa C hutengenezwa kwa toleo fulani la Python na aina fulani ya mashine. Python hutoa toleo jipya kila mwaka, kawaida Oktoba. Wewe ukikimbilia toleo lililotoka juzi, unaweza kupata kwamba wenye maktaba bado hawajalisagia. Pip inakosa wheel, inachukua chanzo, na era inakuja.

Kwa hivyo kabla ya kudaunlodi chochote, uliza laptopu yako ina Python gani:

py -0

Ukiona ni toleo jipya kabisa, instoli lile la nyuma yake, halafu jaribu tena. Mara nyingi tatizo linaisha hapo, bila kompaila.

Sababu ya pili ni Python ya biti 32. Laptopu nyingi za mtumba zilipitia mikono ya fundi aliyeinstoli chochote kilichokuwa kwa flash yake. Maktaba nyingi kubwa ziliacha kutengeneza wheel za biti 32 za Windows. Angalia hivi:

python -c "import struct; print(struct.calcsize('P')*8)"

Ikikujibu 32 na Windows yako ni ya 64, umeshampata mwizi. Toa hiyo, weka ya 64.

Na kama hutaki kabisa pip ikuletee mahindi, iambie mapema:

pip install --only-binary :all: pandas

Hapo ikikosa paketi iliyo tayari inakwambia imekosa na kunyamaza. Haikuanzishii mradi wa ujenzi usioujua ukiwa umebaki na MB 200.

Mbona wenzetu wa Linux hawateseki hivi?

Hili swali ni la maana, na lina mucene ndani yake.

Linux ilizoea mambo ya pakeji mapema. Mradi wa Debian ulianza 1993, na kufikia mwisho wa miaka ya 90 mtu wa Debian alikuwa na apt: anaandika amri moja, mashine inaenda kuleta programu pamoja na kila kitu inachokitegemea. Windows ilikwenda njia nyingine. Wewe tafuta tovuti, daunlodi .exe, bonyeza Next, Next, Next, na uombe Mungu isikuletee tulba tatu za matangazo kwa brauza. Hivyo ndivyo tumeishi tangu siku za cyber ya dakika kwa bob moja.

Watu wa nje ndio walichoka kwanza. Rob Reynolds akaleta Chocolatey mwaka 2011. Luke Sampson akaleta Scoop 2013, ambayo binafsi naipenda kwa sababu inaweka vitu ndani ya folda yako na haikuombi nguvu za msimamizi kila saa. Ukitumia laptopu ya cyber ama ya ofisi hiyo ni baraka.

Halafu Mei 2020 Microsoft wakatoka na yao, winget. Na hapa ndipo kulikuwa na drama. Kulikuwa na jamaa wa Canada, Keivan Beigi, aliyekuwa amejenga chombo kinaitwa AppGet. Microsoft walimtafuta mwaka 2019, wakazungumza naye kuhusu kazi yake, wakamwita Redmond kwa intavyuu mwishoni mwa mwaka. Halafu kimya. Miezi ikapita. Siku moja kabla ya winget kutangazwa, ndiyo akaambiwa kuna kitu kinakuja. Alipoiangalia akaona inafanana sana na yake kwa jinsi inavyofanya kazi. Akaandika stori yote hadharani na akatangaza kwamba anaifunga AppGet. Kelele ikawa kubwa, na Microsoft wakajitokeza wakakiri kwamba walichukua mawazo kutoka AppGet na kwamba walifaa kumpa heshima yake mapema. Credo alipata. Kazi hakupata. Ukiwa na idea na umeitwa mkutano na kampuni kubwa, hiyo stori soma mara mbili.

Anyway. Winget toleo la 1.0 lilitoka Mei 2021 na leo huja na Windows 11. Fungua terminali uandike:

winget install Git.Git

na Git inaingia bila kubonyeza Next hata moja. Lakini elewa kitu kimoja: winget, Chocolatey na Scoop, zote tatu, kazi yao kubwa ni kuleta unga wa paketi. Hazisagi. Ukitaka kusaga unaenda kwa vyombo vingine, na hapo ndipo tunaenda sasa.

Posho mill zenyewe

Kubwa kuliko zote ni kompaila ya Microsoft yenyewe, MSVC. Si lazima uinstoli Visual Studio nzima na rangi zake zote. Kuna kitu kinaitwa Build Tools, ambacho ni mashine ya kusaga bila ofisi ya mwenye mashine. Ukifungua instola yake, chagua "Desktop development with C++". Upande wa kulia utaona viboksi vingi vimetiwa alama. Ukiwa na bando ya mawazo, toa alama kwa vingine vyote, ubaki na viwili: MSVC yenyewe na Windows SDK. Hata hivyo bado ni gigabaiti kadhaa, nisikudanganye. Upande wa leseni, kwa mtu binafsi, mwanafunzi ama mradi wa chanzo huria, Visual Studio Community ni bure, kwa hivyo hakuna haja ya kutafuta kreki.

Sasa kuna ujanja ambao hauzungumzwi sana huku kwetu. Hiyo instola inaweza kudaunlodi kila kitu kwa folda moja bila kuinstoli chochote:

vs_BuildTools.exe --layout D:\vs --add Microsoft.VisualStudio.Workload.VCTools --includeRecommended --lang en-US

Unaenda mahali penye Wi-Fi ya ukweli mara moja, unaacha folda ijae, unaiweka kwa flash ama hadi diski ya nje. Ukirudi Salama, unaendesha instola iliyo ndani ya hiyo folda ukiiongezea --noWeb, na inainstoli bila kugusa intaneti. Mkiwa wasee watano wa mbogi moja, mmoja anadaunlodi, wote mnakula. Gharama ya bando inagawanywa kwa tano.

Pip nayo ina ujanja huo huo. Mwenye Wi-Fi anafanya hivi:

pip download -d D:\pip pandas

na mwenye hana Wi-Fi anafanya hivi:

pip install --no-index --find-links D:\pip pandas

Sharti ni kwamba toleo la Python na aina ya mashine vifanane kwa wote wawili. Usibebe mzigo wa 3.12 ukampelekea mtu wa 3.10 halafu useme nilikudanganya.

Posho mill ya pili ni MSYS2. Hii imebeba tabia za Linux ikazileta Windows. Ndani yake kuna GCC, kompaila ya bure ya mradi wa GNU, na inasimamiwa na pacman, chombo kilichotoka Arch Linux. Ukiinstoli MSYS2 utaona vifupisho vingi kwa menyu, UCRT64, CLANG64, MINGW64, na utachanganyikiwa. Chukua UCRT64, hiyo ndiyo wenyewe wanaipendekeza kwa mtu anayeanza. Kisha:

pacman -Syu
pacman -S mingw-w64-ucrt-x86_64-gcc

Kwa mtu wa bando hii ni nyepesi kuliko ya Microsoft, na kwa mtu anayejifunza C shuleni inatosha kabisa. Pakeji zake nyingi zimeshasagwa, na ukitaka kujisagia mwenyewe, kila moja ina faili inaitwa PKGBUILD inayoeleza hatua zote, chanzo kimetoka wapi na kimebadilishwa nini. Zisome hata kama husagi. Nimejifunza mengi hapo kuliko darasa lolote nililokaa.

Lakini usiwahi kudhani hizi posho mill mbili ni kitu kimoja. Maktaba ya C++ iliyosagwa na GCC ya MSYS2 haiungani na programu inayojengwa na MSVC. Na Python ya python.org imejengwa na MSVC. Kwa hivyo ile era ya mwanzo hutaiponya kwa kuweka MSYS2, na hapa wasee wengi hupoteza wikendi nzima. Kwa pip, nenda Build Tools. Kwa C yako mwenyewe, MSYS2 ni sawa.

Halafu kuna vcpkg, na hii ndiyo nataka tukae nayo kidogo.

Shida ya kujenga kutoka chanzo haiko sana kwa kusaga. Iko kwa tegemezi. Programu A inataka maktaba B, B inataka C na D, D inataka toleo fulani la C ambalo si lile ulilonalo. Kwa mkono utazeeka. Vcpkg ilitolewa na Microsoft mwaka 2016, ni ya chanzo huria, na kazi yake ni hiyo tu: unaitajia maktaba ya C ama C++, inaenda kuleta chanzo chake na chanzo cha kila inachotegemea, inakagua, inasaga kwa mpangilio unaofaa. Kuianza ni mistari mitatu:

git clone https://github.com/microsoft/vcpkg C:\dev\vcpkg
C:\dev\vcpkg\bootstrap-vcpkg.bat -disableMetrics
C:\dev\vcpkg\vcpkg install sqlite3

Hiyo -disableMetrics ni ya kuizuia isitume takwimu za matumizi kwa Microsoft. Bando yako, uamuzi wako.

Umeona nimeiweka C:\dev na si kwa Desktop? Windows ina kizuizi cha zamani cha herufi 260 kwa anwani ya faili, na miradi ya C++ hupenda folda ndani ya folda ndani ya folda. Ukianzia C:\Users\Jina Lako Refu La Kanisani\Desktop\Project Final Final, umemaliza nusu ya herufi kabla ya kuanza. Na nafasi kati ya majina huvunja skripti nyingi za ujenzi. Anwani fupi, bila nafasi. Hii pekee itakuokoa era kumi.

Kitu kingine ambacho mtu wa laptopu dhaifu anafaa kujua: kwa kawaida vcpkg kwa Windows husaga kila maktaba mara mbili, moja ya kutafuta makosa na moja ya kutumia. Kama unataka kutumia tu, iambie:

vcpkg install sqlite3 --triplet x64-windows-release --host-triplet x64-windows-release

Kazi inapungua karibu nusu. Na kama RAM ni 4GB, kabla ya kuanza andika set VCPKG_MAX_CONCURRENCY=2, ili isijaribu kusaga magunia manane kwa wakati mmoja mashine ikaganda. SQLite itaisha haraka. Qt usijaribu kwa laptopu ya hivyo kama una mpango wa kuitumia siku hiyo.

Je, stima ikienda? Tunaishi Kenya, lazima tuulize. Kila maktaba ikimaliza kusagwa, vcpkg huihifadhi kwa akiba, ndani ya folda ya archives kwa %LOCALAPPDATA%\vcpkg. Stima ikirudi, zilizokamilika zinachukuliwa pale, na iliyokatwa katikati ndiyo inaanza upya. Hiyo folda pia inabebeka kwa flash, na mwenye kompaila ya toleo moja na lako anaweza kuitumia bila kusaga.

Kuna Conan pia, inapendwa na makampuni. Ni nzuri, lakini kama ndiyo unaanza, shika moja kwanza. Na utasikia sana jina CMake. Hiyo si kompaila wala meneja wa pakeji. Ni msimamizi wa mjengo: inasoma mpango wa mradi, inaamua nani asage nini, halafu inawapigia makelele. Imekuwepo tangu 2000 na hutaikwepa.

Mtu atasema, mbona usiweke tu WSL upate Ubuntu ndani ya Windows? Ni kweli, wsl --install inafanya hivyo, na kwa mashine ya 16GB ningekwambia usisome hii makala. Kwa 4GB utakuwa unaendesha mifumo miwili kwa RAM isiyotosha mmoja. Na programu utakayojenga huko ni ya Linux, si ya mteja wako anayetumia Windows dukani kwake.

Hii kitu inaleta ugali kweli?

Swali la haki. Mfano wangu si wa Silicon Valley. Mwaka 2004 kule Eldoret, madaktari wa AMPATH waliokuwa wakihudumia wagonjwa wa virusi vya ukimwi walizidiwa na rekodi, na kutoka hapo ukazaliwa mradi wa OpenMRS. Ulianza kutumika Eldoret 2006, na leo uko katika nchi nyingi. KenyaEMR, mfumo wa rekodi za wagonjwa unaotumika kwenye vituo vingi vya afya nchini, umejengwa juu ya huo huo OpenMRS. Na chanzo chake kiko wazi kwa GitHub. Wewe hapo Salama unaweza kukichukua leo.

Ni Java, kwa hivyo posho mill yake ni tofauti: unahitaji JDK, na chombo kinaitwa Maven, ambacho Scoop inakuletea kwa amri moja, scoop install maven. Ukishavuta chanzo cha moduli unaandika mvn clean install na Maven inaenda kuleta tegemezi zake. Mara ya kwanza inakula bando kweli kweli. Lakini inaweka kila kitu kwa folda inaitwa .m2 ndani ya folda yako ya Windows, na mara ya pili unaandika mvn -o clean install na inajenga bila intaneti. Mtu anayeweza kufungua mfumo wa zahanati, kurekebisha fomu moja na kuujenga tena, huyo hana haja ya kuweka "computer packages" kwa CV.

Sasa tuongee kuhusu sumu

Nimeacha hii mpaka hapa kwa sababu ndiyo nzito.

Watu wa Makueni na Kitui hawahitaji kuelezwa kwamba chakula kinaweza kuua kikiwa kinaonekana sawa. Mwaka 2004 mahindi yaliyohifadhiwa na unyevu yaliingia aflatoksini. Wagonjwa 317 walirekodiwa, 125 wakafa, wengi wao Makueni na Kitui. Hayo yalikuwa zaidi mahindi ya nyumbani, ya shamba la mtu mwenyewe. Halafu Novemba 2019 KEBS wakasimamisha chapa tano za unga wa paketi kwa sababu ya sumu hiyo hiyo. Kwa hivyo paketi si usalama, na kujisagia si usalama. Kinachosaidia ni kujua mahindi yametoka wapi na nani ameyapima.

Programu nazo zilipata 2004 yao. Machi 29, 2024, Andres Freund, injinia wa Microsoft, alitangaza kwamba maktaba ya kubana faili inaitwa xz, matoleo 5.6.0 na 5.6.1, ilikuwa imewekewa mlango wa nyuma. Aligundua kwa sababu kuingia kwa seva na SSH kulichelewa kwa karibu nusu sekunde na hakukubali kuipuuza. Mtu aliyejiita Jia Tan alikuwa ametumia zaidi ya miaka miwili akisaidia mradi huo kwa upole, mpaka akaaminiwa. Na sumu hakuiweka yote mahali pa kusomeka: sehemu iliyoiwasha ilikuwa ndani ya kifurushi cha chanzo kilichotolewa kwa watu, kwenye hatua za ujenzi, na haikuwa kwenye Git ambako watu husoma. Yaani hata ungejisagia, posho mill ndiyo ingekutilia.

Lengo lilikuwa seva za Linux, si laptopu yako. Lakini laptopu yako ina adui wa karibu zaidi: ile "Visual Studio full crack" ya Telegram, ama DLL moja uliyoomba mtu akutumie ili era iishe. Hizo ndizo hubeba programu za kuiba nywila zilizohifadhiwa kwa brauza. Akaunti ya kazi za mtandaoni inaenda, barua pepe inaenda, na pesa iliyokuwa inangoja kutolewa inaenda nazo.

Ndiyo maana napenda vcpkg: kila maelezo ya maktaba yake yamebeba alama ya SHA512 ya chanzo kinachotarajiwa. Kikifika kingine chochote, inakataa kusaga. Winget nayo hukagua alama ya instola kabla ya kuiendesha. Na wewe kwa mkono, kwa faili yoyote uliyoletewa na flash ya rafiki, Windows ina chombo chake tayari, hudaunlodi kitu:

certutil -hashfile D:\faili.exe SHA256

Utaona herufi na namba 64. Fungua tovuti ya wenye programu, hata kwa simu, ulinganishe na ile waliyoandika wao. Ikitofautiana hata herufi moja, futa hiyo faili, na umwambie aliyekuletea aangalie yake pia.